Upole wa Shangazi Tunu

Jumanne

Nimerudi na mashati yaliyochakaa kola, tena.

Leo sokoni Mchikichini balo la mitumba limefunguliwa, wachuuzi wenzangu wakalivamia kama kuku waliomwagiwa mtama. Mimi, mwanaume mzima na ndevu zangu, nikasema, "Tangulieni tu." Ndivyo Shangazi Tunu alivyotufundisha utotoni kwenye kipindi chake cha televisheni: mpishe mwenzako, utapendwa.

Nimependwa kweli. Mama Neema, jirani yangu wa meza, kazoa mashati yote mazuri.

"Mama Neema, wewe hukuwahi kumwona Shangazi Tunu?"

"Nilimwona sana. Yule alikuwa analipwa kuwa mpole. Wewe nani anakulipa?"

Nikatafuta jibu la kumchoma. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Asante, dada."