Shemeji Ameanza Kunisifu

Mama Chebet,

Salamu nyingi kutoka Nakuru, ambako upepo unamwaga vumbi la ziwa mpaka ndani ya chai. Ndugu yako Kiprono ni mzima, kwa hivyo soma polepole. Jana alianguka kutoka juu ya magunia ya pareto, lori likikata kona, akagonga kichwa na kuzirai kidogo. Nikambeba mpaka hospitali, nikamtafutia chai ya sukari nyingi. Nesi akaninyang'anya kikombe. "Mzee, aliyegonga kichwa hapewi kinywaji. Akitapika kitaingia kwa mapafu." Hata asante sikupata.

Akamlaza kwa ubavu, akammulika macho kwa tochi, akamuuliza saba mara nane. Kiprono akasema arobaini. Nesi akakunja uso.

"Sista," nikamwambia, "hizo kumi na sita zilipotea zamani, si jana. Muulize mambo ya ng'ombe."

"Basi wewe unayemjua, kaa hapa. Ukiona tabia imegeuka, niite mara moja."

Jioni Kiprono akanishika mkono. "Shemeji, wewe ni mtu mwema sana."

Tangu nikuoe hajawahi kuniambia hivyo. Nikamwita nesi mbio. Akaja na tochi, akamwangalia macho, akamuuliza kwa nini ananisifu.

"Nataka koti lake," akasema Kiprono. "Hapa kuna baridi."

Nesi akazima tochi. "Akili iko sawa."

Wakumbatie watoto, na uniwekee maziwa ya kibuyu. Nawakumbuka sana, nikitetemeka.

Baba Chebet