Bip Moja Akitoka, Mbili Akirudi

Baraka, 14 Machi 2023

Mpendwa mdogo wangu Bienfait,

Pokea salamu za nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje na kazi za huko Lubumbashi? Sisi tuko wazima, Mama anakohoa kidogo tu, na mihogo imeota vizuri. Binti yako Vanessa naye amepona. Ndiyo, aliugua, na ndiyo sababu ya barua hii. Nimeianza mara tatu nikaichana. Kwenye simu ungenikata kabla sijafika mbali, kwa hiyo nimempa Dany, anayesafiri kuja huko, akufikishie mkononi.

Unakumbuka ulivyoniagiza ulipoondoka na simu ya mke wako mfukoni: Constance akitoka nyumbani, nikubipu mara moja, akirudi, mara mbili. Miaka miwili nimebipu. Sokoni, kisimani, kanisani. Hata siku aliyokwenda ziwani kununua ndagala, ukanipigia nimfuate nione anaongea na nani, nami nikamfuata! Nilijiona dada mwema. Nilikuwa nacheka, nikisema mdogo wangu ana wivu wa mapenzi.

Alhamisi ya wiki ya juzi mimi na Mama tulikwenda kulima shamba la mbali, tukarudi saa tisa alasiri. Nikamkuta Constance ameketi mlangoni kwako, amevaa kitenge cha kutokea, mtoto mgongoni anawaka homa, kichwa kimelegea. Kituo cha afya ni dakika kumi kwa miguu, wewe unajua. Alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi.

"Yaya, dada yangu, nilikuwa nakungojeya," akaniambia. "Ubipe kwanza."

Sikubipu. Nilimchukua Vanessa nikakimbia naye. Muuguzi alisema ni malaria kali, na kwamba tungechelewa zaidi asingekuwa na la kufanya.

Tangu siku hiyo situlii. Naweka sufuria motoni nasahau, nafagia pale pale nilipokwisha kufagia. Nilimweleza Mama, akanijibu: "Lakini hamupigake. Sasa shida iko wapi?" Nami zamani ningesema hivyo hivyo. Ni kweli, hujampiga hata kofi. Lakini mama anayeogopa kumpeleka mtoto wake hospitali bila ruhusa, Bienfait, amefanyiwa nini? Sisi tulidhani mateso ya nyumbani lazima yaache alama usoni. Umemtesa, ndugu yangu, na mimi nilikusaidia. Naona aibu.

Jumamosi Constance alipanda Fizi kwa wazazi wake pamoja na mtoto. Mzigo niliubeba mimi mpaka kwenye pikipiki. Usimkasirikie yeye, nikasirikie mimi. Ukija, fikia kwangu kwanza, kisha twende pamoja tukae na wazee wa kwao kama watakubali, na siku hiyo wewe usikilize tu. Nilikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, ndiyo maana nakuambia mwenyewe, usisikie kwa watu.

Mama anakusalimu, na Aline, na shemeji yako Lionel. Mungu akulinde huko na aupoze moyo wako. Vanessa alipoondoka alisema umletee viatu vyekundu. Constance hakutuma salamu, nami sikumwomba.

Dada yako akupendaye, asiyebipu tena,

Arlette