Testa Niliyokunyang'anya Kaburini

Mtani,

Sikuamkii. Tangu lini Mgogo akamwamkia mla michembe, hivyo viazi vyenu vikavu? Ila nina habari za gari letu la kliniki, na ni wewe tu utakayezielewa.

Testa yako, ile bisibisi ya kupimia umeme, ninayo mimi. Siku ya kukuzika kule Kishapu niliichomoa kwenye koti lako la kazi, nikaruka nayo kaburini. Nikasema Msukuma huyu hazikwi mpaka testa ikombolewe kwa kuku. Wachimbaji wakacheka hadi wakaegemea makoleo. Mke wako, Mama Kulwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainua kichwa, akanijibu, "Kuku sina. Baki nayo mpaka uote ndevu!" Akacheka, halafu akalia sana. Mimi sikulia. Kazi ya mtani ni kuwachekesha waliofiwa, nami niliifanya, nikarudi kazini.

Gari wamempa Simoni, kijana wa Nyahanga. Kuendesha anajua, ila haraka yake, we acha tu! Juzi tulikuwa Kharumwa, gari limechomekwa kwenye jenereta ya misheni kwa ajili ya friji la chanjo. Asubuhi akataka kulisogeza kivulini. Akaondoka na waya umechomekwa. Soketi ya ubavuni ikang'oka na skrubu zake, ikabaki inaning'inia kwenye nyaya. Surua ipo vijijini, wamama wamejaa foleni, na friji limeanza kuvuja maji. Soketi mpya hata Mwanza huipati siku hizi, unajua hali yenyewe.

Simoni akazima jenereta, akaunga waya mwekundu na mweusi. Wa kijani akaukunja pembeni. "Sista, huu hauna kazi. Taa zinawaka bila huu."

Ni kweli zinawaka. Lakini nilikumbuka siku nilipokuuliza kwa nini unahangaika na waya usiowasha kitu. Ulisema, "Wa kijani ni wa wamama." Umeme ukivuja kwenye bodi, huo unaupeleka ardhini. Usipokuwepo, utapita kwa mama atakayekanyaga ngazi yetu ya chuma, peku, mtoto mgongoni. Na alfajiri hiyo mvua ilikuwa imenyesha, pale chini tope tupu.

Nikasimama kwenye ngazi. Hapandi mtu. Wamama wakaguna, Simoni akanuna, "Kumbe Sista siku hizi ni fundi?" Nikamwambia fundi amelala Kishapu, lete bisibisi.

Tukafungua upya. Tukakata ncha zilizochanika, tukaubana wa kijani mahali pake, tukairudisha soketi ubavuni kwa skrubu nene zaidi. Kile kifuniko chako cha mpira, Simoni alikuwa amekibandua eti kinalitia gari aibu. Basi nikakata kingine kwenye tyubu kuukuu, nikakining'iniza juu ya soketi. Waya nao nikauacha ulegee chini yake kama ulivyokuwa ukifanya, maji yadondokee ardhini yasiingie ndani. Kazi yangu imepinda kidogo. Ungenicheka wiki nzima.

Jenereta ikawashwa. Kwanza nikaijaribu testa kwenye soketi ya friji, maana ulisema testa iliyokufa nayo haiwaki. Ikawaka. Nikashuka, nikaigusisha kwenye ngazi. Haikuwaka. Nikagusa tena, na mlango, na bodi yote. Giza tupu. Gari lilikuwa salama.

Ndipo nikalia, Mtani. Nililia kwa sauti mbele ya foleni nzima, nimeinama kwenye ngazi na testa yako mkononi. Simoni akadhani nimenaswa na umeme, akakimbia kuzima jenereta huku akipiga mayowe. Wamama wakanivuta kwa kanga. Nilishindwa hata kuwaeleza kwamba ni wewe tu, kwamba nimekukosa.

Watoto wote walichanjwa.

Sasa sikia. Testa hii siirudishi, hata Mama Kulwa alete kuku kumi. Kila tutakapochomeka, nitaigusisha kwenye ngazi kabla mama yeyote hajakanyaga. Na Simoni nimemfundisha, wa kijani anauita wa wamama.

Lala, mla michembe. Miaka yote ulitaka nikushukuru kwa Kisukuma, nikakataa kwa kiburi. Wabeja, Masanja. Haya, nimesema.

Mtani wako wa mlenda