Gauni la Gari la Kaka

Jumatatu, 3 Agosti
Kaka ameondoka na wifi kwenda kutibiwa macho. Gari lake limebaki uani kwangu — lile jekundu, lenye paa la kitambaa linalokunjwa nyuma. Amelizunguka akilipapasa kama anamuaga mtoto. Ameniagiza paa nisilifute likiwa limelowa, vumbi likikutana na maji ni tope, likiingia kwenye nyuzi halitoki. Brashi laini, kavu, upande mmoja. Sawa, kaka! Mimi fundi cherehani, leo nifundishwe kitambaa?

Baba watoto anasema tumepata mgeni asiyekula. Bora angekula, akalala, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Agosti
Balaa! Wanachimba barabara yetu. Katapila linanguruma tangu asubuhi, malori ya kifusi yanapita dirishani. Vumbi kwenye chai. Vumbi kwenye cherehani, uzi unakatika ovyo. Gari jekundu limekuwa la kahawia. Napiga brashi paa — kabla sijafika nyuma, mbele limeshatua jingine. Mteja wa sare amenikuta juu ya kigoda, akauliza kama nimebadili kazi. Sikucheka.

Kaka asirudi akalikuta hivi. Ndicho kitu pekee alichojinunulia maishani. Vingine vyote alitununulia sisi.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimepata dawa. Nimelishonea gauni! Nimelipima kifua, kiuno na urefu, wapita njia wakanicheka. Turubai jepesi, lastiki kwenye pindo. Nimeacha nafasi ya kutosha lipumue, maana nguo ya kubana si nguo. Kuliosha sikuliosha, wachimbaji wametukatia maji. Si neno, vumbi la zamani libaki, jipya lisiingie.

Limekaa! Hata baba watoto amekubali, na kukubali kwake ni kazi.

Jumanne, 11 Agosti
Upepo, upepo. Gauni linapigapiga kutwa, linanitia kichaa. Wifi amepiga simu: upasuaji umekwisha, wanasubiri kufungua bandeji. Maneno machache, si kawaida yake. Kaka akachukua simu, akauliza gari. Nikamwambia linavaa kunishinda. Akacheka sana. Mimi baada ya hapo sikuweza kushona hata kifungo.

Alhamisi, 13 Agosti
Fundi rangi wa gereji ya jirani ameleta suruali ya kupunguza. Nikamfunulia gari anisifu. Hakusifu. Ameinama, ametazama boneti kwa upande, jua likipiga. Nami nikainama. Mikwaruzo! Boneti nzima, milango yote, myembamba kama nywele, hata kidole hakiihisi. Rangi imefubaa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Anasema nimefunika vumbi, sikufunika gari. Na ile nafasi niliyoacha ndiyo iliyoharibu: kitambaa kinacheza na upepo, vumbi lililo chini yake linafanya kazi ya msasa. Lingebana, lisingecheza. Polishi itasaidia kidogo tu. Kung'aa kwa mwanzo, nisahau.

Na paa? Paa salama, anasema. Paa!

Nimejichukia. Nani aliniambia gari linahitaji kupumua?

Jumamosi, 15 Agosti
Wanarudi leo. Maji yamerudi, nimelivua gari gauni na kuliosha. Najaribu maneno mbele ya kioo. Kaka, ni barabara. Kaka, ni upepo. Yote uongo kidogo. Baba watoto anasema ni gari tu. Angenyamaza!

Wamefika. Wifi ameshuka teksi kwanza, kaka nyuma yake, mkono begani kwake. Bandeji hakuna. Macho wazi kabisa, yanatazama pembeni ya sikio langu. Nikamwangalia wifi. Akatikisa kichwa. Upasuaji haukufaulu. Kaka haoni.

"Mdogo wangu, nipeleke kwenye gari."

Nikampeleka. Ameipapasa boneti yote, polepole, kiganja wazi.

"Laini," akasema. "Umelitunza."

Tangu juzi nimemwomba Mungu kaka asiione mikwaruzo ile. Sasa ningetoa cherehani yangu aione. Anigombeze mbele za watu, sawa tu.

Amekaa kiti cha abiria. Anataka paa likunjwe, nimwendeshe, jua limpige. Ameniuliza kama wekundu wake bado unang'aa. Nikasema nafuata funguo.

Naandika nimesimama. Funguo ninazo mkononi. Huko nje anapiga honi, mara ya pili sasa.