Cheti Nilichokitia Saini kwa Muhali

Malindi,
Mjini Unguja.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Zuleikha,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji Abdulrazak na watoto. Goti linaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza ngazi nami nikacheka peke yangu, maana nakujua, ukikatazwa kitu ndipo unapokifanya. Joto la Maskati mwezi huu nasikia halisemeki. Kunywa maji, na usijifanye ungali msichana.

Sisi huku wazima kwa uwezo wake Mola. Idi imepita salama. Shangazi Bi. Kidawa alitoka Mtoni na sufuria zima la biriani, akatusuta mchana kutwa kwamba watu wa mjini hatujui tena kupika. Alikula yeye sahani mbili za biriani lake. Lakini nyumba ilikuwa kimya mwaka huu, na sababu yake utaiona hapo mbele.

Najua unashangaa. Mwalimu wa kompyuta, mwenye simu mbili, anakuandikia kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari! Jirani yetu Shamsi anasafiri kesho kuja huko, nimempa bahasha. Kwa nini sikupiga simu, nitakuambia mwisho. Nakuomba tu, dada, usome hadi chini.

Darasa linaendelea. Zile kompyuta kumi ulizotuletea kutoka ofisini kwa shemeji, tisa bado zinafanya kazi, ya kumi imeliwa na hewa ya chumvi na sasa inawekewa vikombe. Wanafunzi ni kumi na wanane, wengi wasichana. Nawafundisha kuandika barua za ofisi, kutengeneza orodha na majedwali, kupokea na kujibu barua pepe, yale ambayo hoteli na maofisi ya bandarini huwauliza siku ya kwanza. Umeme ukikatika nawachorea jedwali ubaoni kwa chaki, wananiita fundi wa kompyuta ya mbao.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana nazungukazunguka.

Jumatano darasa lilipokwisha, mwanafunzi wangu mmoja, Saadiya, alibaki kitini. Ni binti wa Mudrik, mtunza ghala wa kampuni ya mizigo hapa bandarini, kampuni ile ile iliyomwajiri mwanao Nassra ofisini baada ya Idi ndogo. Aliniwekea mezani karatasi mbili zilizotoka kwenye printa.

"Mwalimu, hebu nitazamie hii. Baba wamemsimamisha kazi, wanasema kala njama akaiba mzigo. Mwenyewe anaapa kagawa kama ilivyoandikwa humu."

Mudrik yumo ghalani humo mwaka wa ishirini na sita. Alikuwa na daftari lake kubwa na kila mzigo akiujua kwa sura. Mwaka huu wakubwa wake walimwambia daftari basi, afuate orodha ya kompyuta. Asubuhi moja ya mwezi uliopita akagawa mizigo kwa orodha hiyo. Waliokuja kuchukua walikuwa madereva watatu wa kukodi, kila mmoja na karatasi yenye jina la aliyemtuma. Mudrik akatazama jina, akatazama namba ya mzigo iliyo mbele ya jina, akatoa. Watu watatu wakapata visivyo vyao. Wawili walirudisha. Wa tatu alikuwa akingojea maboksi ya vigae, akapelekewa vyerahani sita vipya vya kikundi cha akina mama wa Jambiani, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Mudrik alipojitetea kwamba orodha ina kasoro, alijibiwa kuwa kompyuta haikosei, anayekosea ni mtu. Wamempa hadi Jumanne hii. Vyerahani visipoonekana, wanampeleka polisi.

Niliishika ile orodha, dada, nikaipitisha kidole mstari kwa mstari. Majina yamepangika kwa alfabeti, kuanzia Abrahman hadi Zuhura, yanapendeza kuyatazama. Lakini namba za mizigo zimebaki vile vile, kwa mpangilio wa siku mizigo ilipoteremshwa melini. Mtu ameipanga safu ya majina peke yake, akaiacha mizigo pale pale. Kwa hivyo kila jina limehama na kwenda kukaa mbele ya mzigo wa mwenzake.

Kosa hilo nalijua kama ninavyoijua sauti yako. Wiki ya kwanza tu ya majedwali huwaambia wanafunzi kwamba mstari mmoja ni familia moja, ukimhamisha baba, mama na watoto nao wahame. Wote huelewa. Nassra hakuelewa. Katika mtihani niliwapa orodha ya wageni wa hoteli na vyumba vyao, akapanga majina peke yake, na bwana wa chumba cha pili akalala na mke wa chumba cha tisa. Darasa zima lilicheka, na Nassra naye akacheka. Nikampa mtihani tena, akarudia kosa lile lile. Mara ya tatu hali kadhalika. Karatasi zake zote tatu ninazo kabatini, na kwenye kila moja nimeandika kwa wino mwekundu: hajafaulu.

Na cheti nikampa.

Unakumbuka jinsi ilivyokuwa. Wiki ile ya mahafali, mwezi wa Shaabani, ulinipigia, nikakudokeza kuwa Nassra hajafaulu, ukasema, "Rukaiya, usinitie aibu mbele ya watu, nshawaambia wote." Sare za kanga zilikuwa zimeshashonwa. Halua ilikuwa imeshaagizwa. Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa na vyeti kumi na vitatu na wanafunzi kumi na wanne, na wewe tayari uko kwenye simu, uso umejaa kioo kizima, unapiga vigelegele kutoka Maskati kabla hatujaanza hata dua. Nikaingia chumba cha nyuma nikaandika cha kumi na nne. Haikunichukua dakika tano. Wino ulikuwa haujakauka nilipomkabidhi.

Ni muhali, dada, hakuna jina jingine. Ile haya yetu ya kushindwa kumwambia mtu wetu hapana. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa na wewe kumi na saba, ukaacha shule ili mimi nisome. Mtu wa namna hiyo akikuomba karatasi, utamkatalia kwa ulimi gani? Kumbe karatasi ile nilikuwa namkata nayo mtu mwingine kabisa, ambaye hata kumjua sikumjua.

Alhamisi baada ya alasiri nilimwita Nassra jikoni. Nilimwekea ile orodha juu ya meza ya kukatia mboga. Hakuuliza ni ya nini. Aliisukuma kando, akasema, "Mama mdogo, mie kosa langu nliliona siku ile ile mchana. Nkaona haya kusema. Cheti changu kipo faili la bosi, wote ofisini wananiita mtaalamu."

Ndipo nikaelewa kwa nini Idi nzima hakutoka chumbani. Nilipandwa na hasira, nawe unazijua hasira zangu. Nikamuuliza kwa nini hakunijia hata mimi wa nyumba moja. Alinijibu bila ya kuinua macho: "Ungenambia nini, na weye ndiye uliyetia saini?"

Nilikuwa na kijiko mkononi nikaendelea kukoroga mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa.

Baadaye alilia, akanishika miguu, akaniomba nisiende kusema. Anasema atafukuzwa, na wewe utaugua kwa aibu. Huenda yote mawili ni kweli. Mtoto mwenyewe si mbaya, dada, usije ukamfikiria vibaya. Ni mwepesi wa kucheka na mzito wa kuuliza, na sisi wakubwa zake ndio tuliomfundisha kwamba kuuliza ni kujidhalilisha.

Jana nilipita kwa Mudrik. Nilisema nimekuja kumtazama kama mzazi wa mwanafunzi wangu. Alinikaribisha vizuri, mkewe akanitilia chai ya mchaichai. Alinionyesha daftari lake la zamani, lina mafuta ya mikono kila ukurasa. Akaniambia kuwa siku hizi Ijumaa anasali msikiti wa mbali, kwa sababu hapa mtaani watu wanampa salamu upesi mno kisha wanageuka. Alisema hivyo bila ya kulalamika, na mimi nikakiweka kikombe chini. Nilitoka bila kumwambia. Nimejiona duni, na hilo pia nataka ulijue.

Kuna jingine linaloniuma. Unamkumbuka Wanu, yule msichana wa Makunduchi niliyekusimulia, ambaye mama yake analima mwani? Alianguka mtihani mara ya kwanza, nikamrudisha nyuma mwaka mzima. Alikuwa akitoka kwao alfajiri ili awahi kompyuta iliyo karibu na dirisha, asiyoiachia mtu. Alipofaulu alikibusu kile cheti. Leo cheti chake na cha Nassra vina saini moja, yangu. Nikinyamaza, kazi yake yote haina maana. Nikisema, watu watauliza na hicho chake nilikitoa kwa njia gani. Vyovyote vile nimemharibia, na yeye hakufanya lolote ila kusoma.

Kwa hivyo nimekata shauri. Jumatatu saa tatu asubuhi nakwenda kwa mkurugenzi wa kampuni. Nachukua ile orodha, nachukua karatasi tatu za Nassra zenye wino mwekundu, na namwonyesha mbele ya macho yake, kwenye kompyuta yake mwenyewe, namna majina yanavyoweza kuhama na kuiacha mizigo. Hilo halihitaji dakika mbili. Kisha nitamwambia kuwa cheti kile nilikitoa nikijua si haki yake, na kwamba Mudrik aligawa alivyoandikiwa. Kama darasa litafungwa, lifungwe. Kama litabaki, Nassra atakaa humo na kuanza tena, na safari hii nitamsahihisha kama mtoto wa mtu baki.

Nakukasirikia, Zuleikha. Sijapata kukuambia neno hili tangu nizaliwe. Nakukasirikia kwa ile simu, na najikasirikia zaidi mwenyewe, kwa sababu wewe uliomba tu, aliyeandika ni mimi. Umenilea, nami siku niliyotakiwa kukulipa wema nilikulipa kwa uongo.

Ile picha ya cheti uliyoitundika sebuleni, nakuomba uiteremshe. Msumari uache pale pale ukutani. Nassra akifaulu kweli, nitakuletea nyingine kwa mkono wangu.

Sasa hivi ninavyoandika namsikia chumba cha pili anapiga pasi baibui lake la kazini, na Jumatatu bado siku mbili. Nimemwambia kuwa akitaka twende pamoja nitafurahi, na asipotaka nitakwenda peke yangu. Sijui anajitayarisha kwenda kazini au kwenda nami.

Nisalimie shemeji Abdulrazak, umwambie sijasahau fadhila yake ya kompyuta na asidhani maneno haya ni ya kuikebehi. Nisalimie Ridhwan, aache kulala na simu. Mbusu Tabia mashavu yote mawili. Bi. Kidawa anakusalimu na anauliza lini utakuja kula biriani la kweli. Mwenyezi Mungu akuponye goti, akupe subira kwa haya niliyokuandikia, na akulainishie moyo juu yangu siku utakapoweza.

Na sasa lile la simu. Shamsi nimemwapisha asikupe bahasha hii kabla ya saa nane mchana ya Jumatatu. Ukiwa unasoma mstari huu, mimi nshaingia kwenye ile ofisi na nshatoka, na simu zangu zote mbili zilikuwa zimezimwa tangu alfajiri. Sikuthubutu kukuambia kabla. Ungesema "Rukaiya mdogo wangu" mara moja tu, kwa ile sauti, na mimi ningemwacha Mudrik wamchukue.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na niliyekuogopa hadi leo,

Rukaiya