Askari wa Otieno Ameweka Upanga Chini

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha hapa Kapsoya tangu tutoke kanisani, na baridi imeniingia mpaka kwenye magoti.

Nimechoka. Wiki nzima nimesimama wodini nikihudumia wagonjwa, na leo nilitaka kucheza tu. Marafiki zangu wawili walikuja kama kawaida, tukakaa mezani na chai na dadu. Mchezo wetu ni wa kusimulia. Kila mmoja ana mhusika wake, mimi ni msimulizi na mwamuzi, na tukikwama dadu inaamua.

Otieno, ambaye ni mwalimu, anacheza askari wa Mungu. Kitabu cha mchezo kinasema askari huyo haogopi chochote. Leo mkuu wa majambazi alimwamuru aweke upanga chini, la sivyo angechoma ghala walimojificha wanakijiji. Nikarusha dadu kwa niaba ya jambazi, ikaangukia namba ya juu kabisa, yaani tisho lake limefaulu.

Otieno akakataa. "Huyu haogopi, imeandikwa hapa. Rule ni rule. Utamtishaje sasa?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kitabu hakikusaidia. Otieno alisema mtu akiweka silaha chini ni kwa sababu ameogopa, basi. Nakiri nilikuwa karibu kumkubalia, kwa uchovu tu, ili tuendelee.

Wanjiru ana duka kule Langas, na kwa kawaida ndiye anayetuchekesha. Leo alisema bila kututazama, "Kumbe babangu alikuwa mwoga."

Akatueleza. Alikuwa mtoto kule Burnt Forest, ule mwaka wa fujo za uchaguzi. Baba yake alisimama mlangoni na panga. Vijana waliokuja na petroli walimwambia wanajua watoto wamelala chumba gani. Akaweka panga chini, akawatoa watoto nje, nyumba ikachomwa wakiangalia. Mpaka leo baba zake wadogo humcheka kwenye harusi kwamba alitoa boma bila kupigana, na mzee hajibu. Lakini Wanjiru anajua mkono wake haukutetemeka, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameushika.

Nilitaka kulia.

Nikatoa uamuzi. Askari wa Mungu anaweza kutishwa, hata kama haogopi. Maisha yake anaweza kuyatupa akitaka, ila ya wale walio ghalani si yake. Otieno achague mwenyewe, lakini akisalimu amri, mezani kwangu haitwi mwoga.

Otieno alishika dadu kitambo. "Sawa. Anaweka upanga chini. Lakini iandikwe hakuogopa."

"Iandikwe," Wanjiru akasema, akajimiminia chai iliyopoa.

Sasa wameenda, na sina nguvu ya kuosha vikombe. Kesho niko zamu ya asubuhi. Wanjiru aliharakisha kurudi Langas kwa sababu anaishi na mzee wake, na mzee hali chakula mpaka yeye afike. Najiuliza kama atamwambia. Sijui mtu anaanzaje kumweleza baba yake mambo ya dadu na majambazi.

Labda atamshika tu mkono.