Nyanya Ndogo Tamu Zilizopasuka

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA BUSTANI YA NYUMBANI KILICHOFANYIKA JIKONI, JUMAMOSI, BAADA YA CHAI

Waliohudhuria: Bibi (Mwenyekiti), Shangazi mshonaji, Baba Mdogo fundi umeme, Mkwe (Katibu).
Hakuhudhuria: Babu. Udhuru: tangu augue hajatoka chumbani.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kumtaka Baba Mdogo aweke simu chini. Aliiweka, shingo upande.

KUMB. NA. 2/ NYANYA KUPASUKA
Mwenyekiti alieleza kwamba zile nyanya ndogo tamu za nyuma ya jiko, ambazo ndizo pekee Babu anazokula akamaliza, zimepasuka zikiwa bado kwenye mmea. Jana Babu alionja moja, akairudisha kwenye sahani, akasema, "Maji matupu." Hakula kitu tena. Mwenyekiti aliomba isiandikwe kwamba alilia.

KUMB. NA. 3/ NANI ALIMWAGILIA
Zamu ilikuwa ya Shangazi, naye alikiri kumwagilia asubuhi. Baba Mdogo alisema yeye humwagilia jioni, maana zamu za dada yake anazijua. Shangazi alijibu kwamba nyani haoni kundule, akauliza ni nani aliyeukausha mchicha. Mwenyekiti aliwanyamazisha, kisha akakiri kwamba naye huongeza kikombe kabla ya kulala, "cha mapenzi tu." Katibu alisema hana la kusema, halafu akalisema: naye humwagilia mchana.

Ilibainika kwamba kamati nzima imekuwa ikimwagilia, kila mtu kwa siri yake. Nyanya hizi zikizidishiwa maji hupasuka na utamu hukimbia.

KUMB. NA. 4/ MMWAGILIAJI MMOJA
Iliafikiwa awe mmoja. Kila mjumbe alijitaja mwenyewe, na sauti zikapanda. Hapo Babu alitokea mlangoni, ameshika ukuta, akauliza, "Nyanya zangu, mnagombana nyinyi, mimi siulizwi?"

Mwenyekiti alimwambia, "Baba watoto, rudi ukalale." Babu alisema kitanda hakina miguu ya kukimbia. Alipita katikati ya kikao polepole, akatoka nje, akatia kidole kwenye udongo.

"Leo hazinywi," alisema. "Kesho nitakuja kuziangalia tena."

Baba Mdogo alimkabidhi Babu kopo la kumwagilia bila kupinga. Shangazi alijifuta macho kwa utepe wake wa kupimia.

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Kikao kiliisha saa nne na robo kwa sababu wajumbe wote walikuwa dirishani.

Katibu: (sahihi) Mkwe
Mwenyekiti: Bado hajatia sahihi. Alibeba kigoda akamfuata mumewe, wamekaa huko nje, na hakuna aliyetaka kumwita.